Wapiga gitaa wakongwe wasipandishwe jukwaani kama wageni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo ambalo kurasa za burudani huligusa juu juu tu, nalo ni kuwakutanisha wapiga gitaa wakongwe wa dansi na bendi za vijana hapa Dar es Salaam. Maonyesho ya aina hiyo hutangazwa, watu hulipa kiingilio, na mara nyingi kinachoonekana ni kilekile. Mzee anaitwa katikati ya onyesho, anapigiwa makofi, anapiga wimbo wake mmoja wa zamani huku vijana wakimfuata kwa kubabaisha, anapewa bahasha, anashuka. Hakuna muziki mpya unaozaliwa hapo. Sisi ni wapiga vyombo na mafundi mitambo, na kwa maoni yetu kasoro haiko kwenye umri wala kwenye vipaji. Iko kwenye namna kazi inavyoandaliwa, na inarekebishika.

Mfano mzuri wa kujifunzia uko Marekani. John Scofield, aliyezaliwa 1951, ni mpiga gitaa wa jazi aliyepitia bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis katika miaka ya 1980. Mwaka 1998 alitoa albamu ya A Go Go kupitia kampuni ya Verve akiwa na watatu waliomzidi ujana kwa zaidi ya miaka kumi: John Medeski kwenye ogani na vinanda vingine, Chris Wood kwenye besi na Billy Martin kwenye dramu. Hao watatu walikuwa tayari ni bendi, wamezunguka pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wana mashabiki wao wanaokwenda kucheza na si kukaa kwenye viti kuhesabu noti za muziki. Nyimbo zote za albamu ile alizitunga Scofield. Mwendo, lakini, ulikuwa wa vijana: fanki (funk, muziki wa kucheza wa Wamarekani weusi) nzito, ya taratibu, yenye harufu ya New Orleans, ambako bendi ya The Meters ilikuwa imeshaonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba ogani, gitaa moja, besi na dramu vinatosha kujaza ukumbi.

Tazama mpangilio huo. Mkongwe alileta utunzi, vijana wakaleta mdundo waliokwisha kuuzoea, na yeye akaingia ndani yake kama chombo cha nne. Hakuwaajiri wamsindikize, wala wao hawakumwalika apambe jukwaa. Mwaka 2006 walirudi studio wakatoa Out Louder, safari hii majina yote manne yakiwa juu ya jalada. Mwaka 2014 wakatoa nyingine, Juice. Ushirikiano uliodumu hivyo haukujengwa kwa wimbo mmoja wa kukumbushia enzi, na huko kudumu ndiko ambako sisi hatujafika.

Kuna watakaosema fanki ni ya Wamarekani, wazee wetu wanajua rumba na chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo wa dansi. Dar es Salaam ina kumbukumbu nyingine. Muziki wa soul ulikuwa umeshika vijana wa jiji hili kiasi kwamba mwaka 1969 uongozi wa mkoa uliupiga marufuku kwenye kumbi. Baada ya hapo, miaka ya 1970, bendi ya Sunburst ilikuwa hapahapa ikichanganya fanki, roki na ngoma za kwetu, na rekodi zake zinatafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo mpaka leo. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 wakati ule, fanki kwake si mgeni. Kilichobaki ni kumrudishia mkono wake kwenye kazi hiyo.

Na mkono huo una mahali pa kuanzia. Bendi ya dansi iliyokamilika huwa na gitaa la solo, gitaa la pili la solo, ridhimu na besi. Wapenzi humkumbuka mpiga solo, lakini anayefanya kazi iliyo karibu kabisa na fanki ni yule wa solo la pili: anashika kipande kifupi cha noti tatu au nne, anakirudia bila kuchoka, anakipachika katikati ya solo na ridhimu pale wenzake walipoacha. Mkongwe anayekwenda kwa bendi ya vijana aanze kwa kuvaa kofia hiyo. Akianza na solo lake la chemko ameshaharibu, kwa sababu sebene, yaani hiyo chemko yenyewe, imejengwa kwa kutokunyamaza, na fanki ya aina hii imejengwa kwa kunyamaza.

Tulionyeshe hilo kwa karibu. Chukua kipimo kimoja cha mapigo manne, kila pigo ligawe mara nne, upate nafasi 16. Weka metronomu (kihesabu mapigo) ya simu kwenye mapigo 96 kwa dakika. Sneya, ngoma ya dramu yenye mlio mkali, inagonga nafasi ya 5 na ya 13, hapo hapabadiliki. Kiki, ngoma kubwa ya mguu, inagonga 1, 4 na 11. Besi inakaa na kiki kwenye 1, 4 na 11, kisha inaongeza 12. Gitaa linapewa 7, 8, 14 na 15, basi. Hesabu kilichobaki: nafasi ya 2, 3, 6, 9, 10 na 16 hazina kitu isipokuwa haihati (vile visahani viwili vya dramu) inayopita juu. Nafasi hizo sita tupu ndizo zinazomfanya mtu anyanyuke kwenye kiti. Akitokea mmoja akazijaza, mdundo unageuka uji.

Mpiga gitaa aliyezoea chemko atajikuta anaweka noti kwenye 16 ili aingie vizuri kwenye 1, maana vipande vingi vya solo letu huanza kabla ya pigo na kutua juu yake. Kwenye fanki kutua huko kunaiba pigo la kwanza, ambalo ni mali ya kiki na besi. Dawa yake ni zoezi la mkono wa kulia. Mkono uende chini kwenye nafasi zote za namba witiri na juu kwenye namba shufwa, bila kusimama hata mara moja, huku vidole vya kushoto vimeegemea nyuzi bila kuzikandamiza, utoke mkwaruzo tu. Kisha vidole vikandamize kwenye 7, 8, 14 na 15 peke yake na kulegea papo hapo. Yaani 7 inapigwa kwa kushuka, 8 kwa kupanda, 14 kwa kupanda, 15 kwa kushuka. Dakika kumi za zoezi hilo kwa mwendo wa 70, halafu 84, halafu 96, zinafaa kuliko saa nzima ya kupiga wimbo mzima kwa kukosea palepale. Anayepandisha mwendo kabla mkwaruzo haujawa sawa ataanza kukimbia kwenye 15, na mpiga dramu atamfuata.

Vijana nao wasijione wamepona. Wengi wa wapiga dramu na vinanda wazuri wa jiji hili wamekulia kwenye vikundi vya makanisani, ambako wamepata mafunzo ya maana: wanajua kordi nyingi, wanasikia haraka, wanabadili ufunguo wa wimbo bila kuulizwa. Wamepata pia tabia ya kujaza. Kila mwisho wa kipimo cha nne dramu zinaporomoka kuanzia tomu ndogo hadi kubwa, na kinanda kinapanda kordi tano pale ambapo moja ingetosha. Mzee anajaza kwa sebene, kijana anajaza kwa mbwembwe, na fundi mitambo anabaki analaumiwa kwamba sauti zinagongana. Tunashauri sheria moja kwa mazoezi mawili ya mwanzo: dramu hazijazi chochote mpaka kipimo cha 16, na hapo ni sneya peke yake, pigo moja la mwisho. Mapigo madogo ya sneya, yale ya kudondosha kijiti kwa urefu wa vidole viwili, yaruhusiwe, kwa kuwa ndiyo yanayotoa mteremko. Mapigo makubwa yangoje.

Sasa kordi. Mpiga ridhimu wa dansi hushika kordi ya nyuzi tano au sita, na kwenye bendi yenye magitaa matatu hakuna ubaya. Hapa kuna ogani na besi. Kwenye kordi ya E saba (E7), besi imeshatoa E, kwa hiyo gitaa halina sababu ya kuirudia. Noti mbili tu zinazoipa kordi hiyo sura ni G iliyopandishwa nusu na D. Kidole kimoja kwenye freti ya 6 ya uzi wa nne, kingine kwenye freti ya 7 ya uzi wa tatu, kazi imekwisha. Ukitaka ukali wa fanki ongeza freti ya 8 ya uzi wa pili, ambayo ni G ya kawaida. Mgongano wake na ile iliyopandishwa ndio utamu wenyewe. Wimbo ukihamia A saba, achia uzi wa pili na urudishe vidole vile viwili nyuma freti moja tu: uzi wa nne freti ya 5 ni G, uzi wa tatu freti ya 6 ni C iliyopandishwa. Mkono haujasafiri, na kordi imebadilika. Mpiga solo wa dansi anayejua kuoanisha noti mbilimbili kwa umbali wa noti tatu au sita atalishika hili kwa siku moja, kwa kuwa vidole vyake vimeshazoea kutembea wawiliwawili.

Kuhusu noti za nje, zile ambazo Scofield husifika kwazo, tunatoa tahadhari. Yeye hutoka nje ya skeli (noti za ufunguo wa wimbo) kwa nusu hatua, yaani freti moja, hukaa huko kidogo, kisha hurudi kwenye bluzi. Msikilizaji anavumilia kwa sababu besi na dramu hazijayumba hata kidogo na kwa sababu anarudi. Wapo vijana wanaoiga kule kutoka bila kule kurudi, na matokeo yake yanasikika kama gitaa lisilotuniwa. Nusu hatua juu kwa kipimo kimoja, kisha rudi nyumbani kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Hayo ni mazoezi ya kutosha kwa miezi kadhaa.

Sauti ya gitaa nayo ina kazi zake. Scofield anajulikana kwa gitaa la Ibanez AS200, lenye mwili wa uwazi nusu na pikapu (vinasa mlio wa nyuzi) za koili mbili, na kwa pedali ya RAT ya kukwaruza sauti. Haina maana kila mtu akatafute hayo. Gitaa lolote lenye pikapu ya koili mbili upande wa shingo litafaa: toni iwe kati ya 5 na 6, nyuzi ziwe za seti inayoanzia unene wa 11 badala ya 9 zinazopendwa kwa kasi, na pedali ya ukwaruzo iwekwe chini kiasi kwamba ukigusa uzi taratibu sauti ni safi, ukiuchapa inachanika. Nyuzi nene zikishafungwa, shingo ya gitaa itavutika mbele na gitaa litakuwa gumu kubonyeza, kwa hiyo fundi arekebishe fimbo ya shingo na urefu wa nyuzi siku hiyohiyo, asingoje siku ya onyesho. Na unyevu wa pwani yetu unakula nyuzi upesi. Kitambaa kikavu baada ya kila zoezi ni cha lazima.

Penye ugomvi zaidi ni eko, yaani mwangwi wa mtambo. Solo la dansi limezoea eko, wengine hawawezi kupiga bila hiyo. Kwenye mwendo wa 96 kila nafasi moja kati ya zile 16 ina urefu wa milisekunde 156. Eko ya milisekunde 400, ambayo ni ya kawaida kwa solo la rumba, inarudi kati ya nafasi ya pili na ya tatu baada ya noti, yaani mahali pasipo na mwenyewe, na inajaza zile nafasi tupu tulizohangaika kuzilinda. Ushauri wetu ni kuizima kabisa kwenye ridhimu. Kwenye solo, kama mzee anaihitaji, iwekwe kwenye milisekunde 312, ambayo ni nusu ya pigo, na irudie mara moja au mbili tu. Akibadili mwendo wa wimbo, abadili na eko: hesabu ni 60,000 gawanya kwa mapigo ya dakika, kisha gawanya kwa mbili.

Ogani tunaisema kwa kifupi, lakini kuna mtego mmoja wa kitaalamu ambao wenye ndoto ya kuagiza Hammond ya zamani kutoka Marekani wanapaswa kuujua. Ogani zile zina mota inayofuata mzunguko wa umeme. Kwao ni hezi 60, kwetu ni hezi 50. Hata ukiipatia transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 120, itazunguka taratibu na itaimba chini kwa takriban nusu hatua tatu. Utabonyeza C itoke karibu na A. Tena ina uzito wa zaidi ya kilo 150. Kinanda cha kawaida chenye sauti nzuri ya ogani kinatosha. Vijiti vitatu vya kwanza vya kuvuta, vile vya kuchanganya sauti ya ogani, viwe 8, vingine vyote 0, mlio wa kugonga uwashwe, spika ya kuzunguka iwe kwenye mwendo wa taratibu na ipandishwe kasi pale tu solo linapofika kileleni. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda usishuke chini ya C ya kati wakati besi inapiga. Hapo ndipo bendi nyingi za vijana zinapoharibu, kwa kuwa mpiga kinanda amezoea kupiga peke yake na kujifanyia besi yake.

Tuje kwenye mazoezi, na hapa tunaomba tusomwe kwa makini, kwa kuwa tatizo kubwa kuliko yote halimo kwenye vyombo. Kwetu kijana hamwambii mzee kwamba amekimbia. Anampa shikamoo, anamvutia kiti, na mzee akipotea kwenye mwendo kijana anapotea naye ili asimwaibishe. Ni heshima, na tunaitaka ibaki. Ila mdundo unakufa kwa heshima ya namna hiyo. Njia inayofaa ni kuiachia simu iseme. Kila wimbo urekodiwe kwa simu iliyowekwa mita tatu mbele ya dramu, kisha wote wakae wasikilize kabla ya kuurudia. Mzee mwenye masikio atasema mwenyewe kwamba pale amekwenda mbio, na kijana atasema mwenyewe kwamba pale amejaza. Kiongozi wa mazoezi awe mpiga besi au mpiga dramu wa bendi ya vijana, na mzee aambiwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya wote, kwa lugha ya adabu: mzee, wewe ndiye mwenye nyimbo, sisi tunaomba tushike mwendo. Akikataa sharti hilo, ni bora kazi isianze.

Idadi yake: mazoezi sita ya saa mbili mbili ndani ya wiki tatu, nyimbo zisizidi tano. Zoezi la kwanza liwe la besi, dramu na gitaa la mzee peke yake. Kinanda kije la pili, waimbaji la nne. Bendi zinazokesha usiku mmoja kabla ya onyesho hutoka zikiwa zinajua mwanzo na mwisho wa kila wimbo, na hazijui katikati. Kila wimbo ukianza kwa 96 upimwe tena dakika ya nne. Ukiwa kati ya 94 na 98 ni salama, ukifika 104 rudieni bila waimbaji. Kompyuta yenye muziki uliorekodiwa wa kusindikizia izimwe kabisa. Haimngojei mzee anapotaka kurefusha solo kwa vipimo vinane, na atakaposhindana nayo atashindwa yeye, mbele ya watu.

Alama za kutoka zikubaliwe mapema. Shingo ya gitaa ikiinuliwa, vimebaki vipimo vinne. Ngumi juu, wote wanyamaze isipokuwa dramu. Na kwa kuwa watazamaji wetu hawajazoea muziki usio na maneno, tunaona kibwagizo cha mistari miwili, kinachorudi kila baada ya solo, kinawashika bila kuugeuza wimbo kuwa wa mwimbaji. Dakika tano kwa wimbo usio na maneno zinatosha.

Jukwaani, amplifaya ya gitaa isiwekwe sakafuni nyuma ya miguu ya mpigaji. Spika inamwimbia ndama za miguu, masikio hayasikii, anaongeza sauti, mpiga kinanda naye anaongeza, na katika wimbo wa tatu mwimbaji hasikiki. Ipandishwe juu ya kiti au kreti, ielekezwe kichwani, mita moja na nusu nyuma yake. Mzee asimame upande wa haihati, karibu na mpiga dramu kiasi cha kuonana machoni. Kwenye mikseri, masafa ya chini ya hezi 100 yakatwe kwenye gitaa, ogani na maiki zote za sauti. Huko chini waachiwe kiki na besi. Kumbi nyingi za hapa ni za kuta za saruji na bati, na muungurumo wa chini ukikosa mwenyewe unazunguka humo kwa sekunde nzima.

Umeme usichukuliwe kirahisi. Vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme kwenye soketi moja yenye ethi (waya wa ardhini wa usalama), kwa waya mmoja mkubwa wa kugawia. Amplifaya ikichukua umeme ukuta huu na mikseri ikachukua ukuta ule, ndipo unapopata ule mvumo ambao watu huutibu kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Wasiikate kamwe. Gitaa lina nyuzi za chuma mkononi na maiki ni chuma mdomoni; hitilafu moja ya volti 230 kati ya hivyo viwili inaua. Kabla ya mtu yeyote kushika chombo, fundi aguse wavu wa kila maiki na nyuzi za kila gitaa kwa testa. Testa ikiwaka, onyesho lisubiri mpaka chanzo kipatikane, hasa pakiwa na jenereta, ambalo mara nyingi hufungwa bila ethi.

Mwisho ni karatasi. Siku ya zoezi la kwanza, kabla ya chombo kuwashwa, iandikwe karatasi moja: jina la wimbo, nani katunga melodi, nani katunga maneno, nani kapanga, kila mmoja asilimia ngapi, na jumla iwe 100. Wote wasaini, kila mmoja apige picha yake. Wimbo wa zamani wa mzee ukipangwa upya, utunzi unabaki wake. Vijana wanapata haki ya upigaji na ya rekodi kwa kadiri walivyokubaliana. Kipande kilichozaliwa mazoezini kwa wote kigawanywe kwa wote. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla haijapandishwa mtandaoni, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watunzi na wapigaji pia. Nauli na chakula cha mazoezi zihesabiwe mbali na malipo ya onyesho. Mzee anayetoka Mbagala kwenda Mwenge mara sita ametumia fedha zake hata kabla ya kupiga noti ya kwanza mbele ya watu. Bahasha ya kushtukiza, isiyojulikana ina kiasi gani, ndiyo iliyowafanya wengi waone kwamba kuitwa na vijana ni kupotezewa muda.

Kwako Mhariri tuna ombi moja. Waandishi wako wanapokwenda kwenye maonyesho ya bendi, waandike nani alipiga besi, nani dramu, nani gitaa la pili, na siyo jina la mwimbaji na la ukumbi tu. Vijana wanaotafuta mzee wa kufanya naye kazi hawajui waanzie wapi, kwa sababu majina ya waliopiga hayaandikwi popote.

Wapiga vyombo na mafundi mitambo,
Kinondoni, Dar es Salaam